Mwanamke wa Butembo niliyemwita mwizi

Simu iliita nikiwa nachambua sambaza, vile visamaki vya ziwani, mikono yote miwili inanuka ziwa. Nikapokea kwa ncha ya kiwiko, nikaiacha juu ya kifuniko cha ndoo, sauti nje.

"Alo, mama. Pole kwa kukusumbua."

Mwanamke, mtu mzima. Kiswahili chake kilikuwa na Kinande ndani, kile cha Butembo ambacho ukishakizoea hukikosi hata usingizini. Alikuwa anahema.

"Nilikuwa natumia dada yangu feza, vidole vikakosea namba. Imeingia kwako. Dola makumi sita. Tafazali mama, unirudishie. Mutoto iko hospitali."

Hapo kwenye hospitali ndipo nilipocheka.

Nilicheka kwa nguvu, makusudi, ili asikie. "Mama, hiyo ya mutoto na hospitali imezeeka. Mutafute ingine." Binti yangu, aliyekuwa anamwaga maji machafu, akacheka pia kwa sababu mimi nimecheka. Yule mwanamke akaanza, "Haki ya Mungu, mama..." nikakata. Nikanawa kidole kimoja, nikaifunga namba yake isinifikie tena, nikarudi kwenye sambaza zangu na ile furaha ndogo ya mtu aliyemwona panya kabla panya hajauona unga.

Hiyo ilikuwa Agosti. Furaha ile ilidumu siku tisa.

## Mimi na mwavuli wangu

Mnielewe: mimi si mgeni wa mambo haya. Nimekaa miaka miwili na nusu chini ya mwavuli wa kabine, yaani kibanda cha kutuma na kutoa pesa kwa simu, hapa Goma, Birere, pale pikipiki zinapogeuzia. Meza, kiti cha plastiki, vitochi vitatu vimefungwa kwa mpira: kimoja cha M-Pesa, kimoja cha Airtel Money, kimoja cha Orange Money. Nimeona mtu akija mbio kutuma dola 100, simu ya pili iko sikioni, jasho linamtoka, na huko ndani ya simu kuna sauti inamwambia haraka, haraka, usikate. Nimeona kijana ananionyesha picha ya skrini, "nimeshakulipa, yaya, ona" (yaya kwetu ni dada mkubwa), na kitochi changu kimenyamaza kama jiwe la lava.

Kwa hiyo tantine (shangazi) wangu wa Ndosho alipoibiwa, mwaka jana, mimi ndiye niliyeitwa, kama watu wanavyoita daktari.

Alikuwa na dola 52 ndani ya simu. Zilikuwa za mwezi mzima. Ujumbe ukaingia kwa Kifaransa: *Vous avez reçu 45 USD.* Dakika haijaisha, kijana akapiga, analia. Nimekosea, mama, ni pesa za bosi, atanifukuza. Tantine ni mtu wa kanisa. Akachukua simu yake, akamtumia 45 kwa mkono wake mwenyewe, tena akamwambia pole.

Aliponipa simu nilihitaji dakika moja tu. Ujumbe ule haukutoka kwa kampuni. Ulitoka kwa namba ya mtu, kumi tarakimu, kama yangu na yako. Na mwisho wake uliandika salio jipya: 61,20. Mtu mwenye 52 akipokea 45 anakuwa na 97. Tapeli hakujua tantine ana kiasi gani, akabahatisha. Hawezi kujua. Hilo ndilo jambo moja ambalo hawezi kulijua akiwa mbali, na ndiyo sababu ujumbe wa uongo ama unaliruka salio ama unalitunga.

Nilimweleza hivyo. Ningeishia hapo, ingekuwa vizuri.

Sikuishia hapo. Nikamwambia, mbele ya watoto wake, "Tantine, mtu anakosaje kujumlisha 52 na 45?"

Hakunijibu. Tangu siku hiyo haweki tena pesa ndani ya simu. Akitaka kumtumia mtu kitu, anatembea kwa mguu mpaka Katindo na noti kwenye kitambaa.

Mimi nikawa mlinzi wa mtaa. Mtu akinipigia, yaya kuna mtu ananiambia hivi na hivi, jibu langu lilikuwa maneno matatu: kata, funga namba, nyamaza. Nililirudia mara nyingi hata likawa kama dua.

## Jinsi wanavyokujua

Watu wengi wanashikwa kwa sababu tapeli anawaita kwa jina. Si jina la mtaani. Jina lote, kama lilivyo kwenye kadi ya uchaguzi. Wanafikiri: anayejua jina langu lote lazima awe wa kampuni.

Jaribu wewe mwenyewe. Anza kutuma pesa kwa namba yoyote, hata usiyoijua. Kabla pesa hazijaondoka, skrini inakuletea jina la mwenye laini, ili uhakikishe humkosei. Ukiishalisoma, unaghairi. Hujalipa kitu na jina unalo. Kile kilichowekwa kutulinda tusikosee, mwizi anakitumia kama kitabu cha majina.

(Kishikeni hiki cha jina kwenye skrini. Nitakirudia.)

Lingine ni daftari. Hili linanihusu, basi niliseme bila kujificha. Kila kabine ina daftari lililo wazi mezani: saa, namba, kiasi, sahihi. Mteja anaandika yake chini ya ya mwenzake. Mtu akija kununua inite (vocha) za franga 500, akasimama dakika mbili anajifanya kutafuta chenji, anaondoka na namba kumi na kila mmoja ametosha, yaani ametoa, kiasi gani. Robo saa baadaye unapigiwa: "Mama, wewe umetosha dola 50 saa tano na dakika ishirini, kuna tatizo kwenye akaunti yako." Utakosaje kuamini? Ni kweli umetosha 50. Ni kweli ilikuwa saa tano na dakika ishirini.

Daftari langu lilikaa wazi miaka miwili na nusu. Sikuwahi hata kuweka karatasi juu ya mistari ya zamani.

Jirani yetu, fundi mwashi, walimshika kwa njia nyingine. Walimwambia apige *21* kisha namba waliyomtajia na alama ya #, ati mtandao wake utarudi vizuri. Alichofanya ni kuelekeza simu zote zinazomwita ziende kwa mwizi. Kwa saa tatu nzima yeye hakuitwa na mtu, na hakujua. Wakaomba kufungua WhatsApp yake, namba za kuthibitisha zikasomwa kwa sauti, ndani ya simu iliyoelekezwa kwao. Jioni ndugu zake wote wameombwa dola 50, "kesho nakurudishia". Shemeji yake ndiye aliyeshtuka, kwa sababu ujumbe ulianza na *Bonjour, comment vas-tu?* Yule fundi hajawahi kumwandikia mtu Kifaransa maishani mwake. Tulipiga ##002# ikafuta maelekezo yote, lakini watu wawili walikuwa wameshatuma.

Tuna sheria pia. Binamu yangu wa kitivo cha sheria alitukumbusha kwamba tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi ina Code du numérique, na wizi wa namna hii umo ndani. Tantine alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza nani atamlipia pikipiki ya kwenda kushitaki namba ambayo haipatikani tena.

## Siku ya tisa

Mwenye nyumba alitaka kodi.

Tangu benki za Goma zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, hakuna anayetosha pesa ovyo. Noti ni chache, na kabine wanakata komisyo ambayo enzi zangu chini ya mwavuli tungeiita wizi. Sasa tunaiita komisyo. Kwa hiyo kila mtu anaacha pesa ndani ya simu, anakusanya shida zake, anatosha mara moja. Laini yangu ya pili nilikuwa sijaigusa tangu mwisho wa Julai. Nilijua iko na dola 84 na senti kumi.

Nikapiga, nikaangalia. 144,10.

Kwa sekunde kama tatu nilimshukuru Mungu. Naandika hili kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa: wazo la kwanza halikuwa "hizi ni za nani", lilikuwa "asante".

Kisha nikahisi harufu ya samaki.

Sitanii. Nilikuwa nimekaa kitandani, mikono safi, na harufu ile ikanijia puani. Nikafungua jumbe. Sisomi jumbe za laini ile, nani anazisoma? Bahati nasibu, mega za usiku, bahati nasibu tena. Katikati yao, imelala kimya: ujumbe halisi, wenye jina la huduma juu yake, dola 60 zimepokelewa, salio jipya 144,10, na mwisho ile namba ndefu ya muamala, herufi na tarakimu zimechanganyika.

Umeingia saa nne kasoro dakika sita. Yeye alinipigia saa nne kamili.

Dakika sita. Ndiyo maana alikuwa anahema.

## Maneno yaleyale

Wiki zile nilikuwa narudi mahali pamoja kila usiku. Yule kijana aliyemwibia tantine na huyu mama wa Butembo walisema maneno yaleyale. Nimekosea. Nisamehe. Nirudishie. Kuna shida nyumbani. Hata kilio ni kimoja. Na mimi, na uzoefu wangu wote, nilihukumu sauti.

Lakini mwizi aliyatoa wapi maneno yale? Hakuyatunga. Aliyachukua kwa watu kama yule mama, kwa sababu hapa kwetu mtu aliyekosea namba husema hivyo hasa, na mtoto kweli hulala hospitali, na bosi kweli hufukuza. Ukitafuta uongo kwenye sauti utakuta ni sauti ya kweli, imeazimwa.

Tofauti kati ya wale wawili haikuwa ndani ya simu iliyoita. Ilikuwa ndani ya salio. Kupiga na kuangalia kungenichukua nusu dakika. Ningemwambia, "Mama, ngoja kidogo, nanawa mikono." Kumtukana kulichukua muda uleule.

Nilijitetea pia, msidhani sikujitetea. Nilijiambia mji huu umetufundisha. Nilijiambia kwamba wanaopiga kumi, tisa ni wezi, ingawa sikuwahi kuwahesabu. Na kuna siku mbili, tena nzima, ambazo nilijiambia jambo baya zaidi: kwamba yeye ndiye aliyekosea, kwamba skrini ilimwonyesha jina langu akabonyeza moja hivyohivyo, kwamba kodi ni kodi. Mwenye nyumba alikuja mara ya pili siku ya kumi. Dola 60 zilikuwa zinaniangalia.

Sikuzitoa. Sijui kama ni kwa sababu ya wema. Nilikuwa naogopa pia: itakuwaje kama ni mtego mrefu zaidi, wa aina nisiyoijua?

Ndiyo, hata hapo. Salio limethibitisha, na bado nilimshuku.

## Namba za wazee

Kuna jambo sijawahi kuliandika hapa.

Nilipokuwa kabine nilijua namba za siri za watu zaidi ya ishirini. Wazee, hasa. Mzee anafika, ananipa simu yake, anakaa. "Andika tu, binti yangu, elfu moja mia tisa hamsini na nane." Anaisema kwa sauti, kwa sababu masikio yake hayasikii vizuri anafikiri na yangu hivyohivyo. Mwaka wa kuzaliwa, karibu wote. Wengine walikuwa wameshazoea hata hawasemi tena: "Weka ile yangu." Na mimi naiweka.

Sikumwibia hata mmoja. Nilikuwa najivunia hilo. Sasa nalitazama na kuona halina la kujivunia: nilikaa pale pale kila siku, walimjua mama yangu, ningekimbilia wapi? Ila pembeni ya mwavuli daima kulikuwa na watu wamesimama. Wanasikia. Ningeweza kumwambia kila mzee, papa, shika simu mwenyewe, nitakuongoza, badilisha hiyo namba leo. Ingechukua dakika kumi kwa kila mmoja. Nyuma yake kuna foleni, na komisyo inahesabiwa kwa miamala, haihesabiwi kwa dakika.

Kisha mmoja wao anapoibiwa, tunamwita mjinga.

Nilikwenda Ndosho Jumapili. Nilitaka kumwomba tantine msamaha kwa ile ya kujumlisha, nikajikuta namweleza yote: sambaza, kicheko, siku tisa, siku mbili za tamaa. Alikuwa anakaanga ndizi za makemba. Aliendelea kuyageuza.

"Mimi mwizi wangu sina jina lake," akasema. "Ile namba ilikuwa ya mtu hata hayuko. Lakini huyo mama wa Butembo, jina la mwizi wake analo. Limeandikwa ndani ya simu yake. Analisoma kila siku."

Akanipa kemba.

"Ni lako."

## Hamuchoki?

Nilifungua namba yake siku hiyohiyo, nikampigia nikiwa bado barabarani.

"Alo, mama, pole kwa kukusumbua," nikasema. "Ile feza yako ya mwezi uliopita, dola makumi sita, iko kwangu. Nataka..."

"Wezi nyinyi, hamuchoki?"

Akakata. Nikapiga tena, haikuita. Alikuwa amenifunga.

Nilisimama pale kando ya barabara, pikipiki zinanipita. Alikuwa amefanya kila kitu sawasawa. Kata, funga namba, nyamaza. Pengine alifundishwa na yaya wa mtaa wake.

Rafiki yangu akasema, acha mambo mengi, zitume tu zirudi kwake. Hapana. Hilo ndilo jambo moja ambalo hata sasa silibadilishi, na nalisema kwa yeyote: pesa iliyoingia kwa kukosea hairudishwi kwa mkono wako. Aliyetuma anaweza kuwa ameshakwenda kwenye kampuni kuomba irudishwe. Wewe unatuma, na wao wanakata, umelipa mara mbili. Au pesa zenyewe zimeibwa kwa mtu wa tatu, wewe unakuwa daraja lake, na njia nzima inaonyesha jina lako. Unaziacha pale pale. Huzitoi, huzitumii, huzitumi. Mwenyewe anaomba kwa kampuni, na kampuni inazirudisha kwa njia ileile zilikopita.

Nikaenda ofisi ya huduma na kadi yangu ya uchaguzi. Foleni saa mbili. Kijana wa kaunta alinisikiliza, akaniambia yale niliyoyajua: aliyetuma ndiye anayeomba. Wakipata ombi, watanipigia kuniuliza kama nakubali.

"Mukinipigia," nikamwuliza, "nitajuaje kama ni nyinyi?"

Alicheka kidogo, akaangalia chini. Hakuwa na jibu, na nilimheshimu kwa kutolitunga. "Uje mwenyewe, mama," akasema. "Ukiitwa, usiseme kitu kwa simu. Uje."

## Soma polepole

Jibu lilinijia kwenye foleni ile, na lilitoka chini ya mwavuli wangu wa zamani. Watu wawili walipogombana mezani kwangu, mmoja nimetuma, mwingine sijaona, sikuwa naangalia nyuso zao. Nilikuwa naweka simu mbili sambamba na kulinganisha ile namba ndefu ya muamala. Ikiwa pesa zimetoka kwa huyu na kufika kwa yule, namba ile ni moja kwenye simu zote mbili. Mwizi anaweza kuazima kilio. Ile hawezi kuibahatisha.

Niliandika ujumbe kwa laini yangu nyingine. Niliufuta mara nne. Mwishowe ukawa hivi:

"Mama, siombi kitu. Usinitumie kitu, usiniambie kode. Tafuta ujumbe wa siku ile, uangalie namba ndefu. Jioni nitakupigia, mimi ndiye nitasoma. Weye utanyamaza tu."

Saa moja jioni alipokea. Hakusema alo. Nikasikia televisheni, mtu anakohoa, kisha kimya cha mtu anayengoja kukata.

Nikaanza kusoma. Herufi ya kwanza. Ya pili. Tarakimu.

"Ngoja," akasema. "Nivae lunete."

Alikwenda. Nilisikia kiti kikiburutwa. Nikaelewa hapo kwa nini jina langu kwenye skrini halikumzuia siku ile, mtoto hospitalini, kitochi cha skrini ya ukubwa wa kiberiti, macho bila miwani. Akarudi.

"Soma tena. Polepole."

Nikasoma tena, herufi moja moja, kama tunavyowasomea watoto wa darasa la kwanza. Baada ya kila moja alisema "mm". Tarakimu ya sita nilisikia sauti yake inabadilika. Ya nane akaanza kuisema pamoja nami. Zile mbili za mwisho alizisema peke yake, mimi nimenyamaza.

Tukakaa hivyo.

"Sasa mbona ulicheka?" akauliza.

Nilimwambia ukweli, kwamba nilidhani ni mwizi. Akasema anajua hilo, yeye anauliza mbona nilicheka. Sikuwa na jibu. Nikauliza kuhusu mtoto.

"Alitoka. Tulikopa."

Nikamweleza kuhusu ombi: aende ofisi na kitambulisho chake, aonyeshe ujumbe ule, mimi huku nitaenda kusema nakubali. Akauliza kama atalipa kitu. Nikamwambia mtu yeyote akimwomba alipe kwanza ili pesa zirudi, ageuke arudi nyumbani, hata kama anayeomba ni mimi. Akacheka, mara moja, kifupi.

Ilichukua siku tano. Walinipigia, sikusema kitu, nikaenda. Foleni ileile, kijana yuleyule, safari hii alinipa kiti. Nilipotoka nje nikaangalia salio mwenyewe, nimesimama kwenye kokoto nyeusi mbele ya mlango: 84,10.

Mwenye nyumba alipata nusu, na maneno.

Usiku ujumbe ukaingia kutoka Butembo. Hakunisalimia, hakunishukuru, na sikuwa nategemea. Neno moja.

"Imefika."